Carvalho au Pepe: beki wa kati anayechipukia amfuate nani?

Kijana akiniambia anataka kucheza beki wa kati, swali linalofuata huwa lile lile: "Kocha, nimwangalie nani?" Zamani nilikuwa nataja majina matano sita kwa mpigo, na kijana anaondoka bila kubaki na hata moja. Siku hizi nataja wawili tu, Ricardo Carvalho na Pepe. Wote ni mabeki wa Ureno, wote walipitia Porto na Real Madrid, na wote waliondoka Porto kwa dau la karibu euro milioni 30. Halafu namwambia achague mmoja. Wanakaba kwa namna mbili zinazovutana, na anayejaribu kuwaiga wote kwa pamoja huishia kusita. Beki akisita, mpira umeshapita.

Nitawaweka bega kwa bega, ila si kwa kila kitu. Kwangu mimi yanayoamua ni mawili: wanamwendea vipi mshambuliaji, na kila mmoja alikuwa na udhaifu gani moyoni. Hilo la pili ndilo watu hulisahau, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Walikotoka

Carvalho alizaliwa Amarante, mji mdogo wa kaskazini mwa Ureno, Mei 18, 1978. Porto walimchukua akiwa bado kijana, lakini mlango wa kikosi cha kwanza ulichelewa kufunguka. Alipelekwa kwa mkopo Leça, kisha Vitória de Setúbal, kisha Alverca. Aliporudi Porto mwaka 2001 alikuwa na miaka 23. Wazazi wanaokuja kuniuliza kwa nini mtoto wao wa miaka 18 bado yuko benchi huwa nawapa historia hiyo, maana miaka mitatu tu baadaye mtu huyo alikuwa beki bora wa Ulaya kwa tuzo za UEFA.

Pepe ni mzaliwa wa Maceió, pwani ya kaskazini mashariki mwa Brazil, Februari 26, 1983. Jina lake kamili ni Képler Laveran de Lima Ferreira. Kepler ni mwanasayansi wa nyota. Laveran ni daktari wa Kifaransa aliyegundua kimelea cha malaria, na sisi tuliolelewa chini ya chandarua tuna sababu ya kulijua jina hilo. Akiwa na miaka 18 alivuka bahari kwenda Marítimo, klabu ya kisiwa cha Madeira. Mwaka 2004 akachukuliwa na Porto, kiangazi kile kile ambacho Carvalho aliuzwa Chelsea. Mmoja alitoka na mwingine akaingia. Pepe alipata uraia wa Ureno mwaka 2007 na Novemba ya mwaka huo akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Finland.

Namna ya kukaba

Carvalho ana urefu wa sentimita 183. Kwa beki wa kati wa Ulaya huo ni urefu wa kawaida tu, na hakuwa mtu wa misuli. Kwa hiyo alijifunza kufika kabla. Tafuta mechi yake yoyote ya miaka ya Porto au Chelsea, kisha kwa dakika kumi usiangalie mpira, mwangalie yeye. Pasi ikiwa bado mguuni mwa kiungo wa wapinzani, yeye ameshapiga hatua mbili mbele. Straika ananyoosha mkono kuomba mpira, mpira unakuja, na katikati yao unaingia mguu wa Carvalho. Hawagongani, filimbi hailii, wala hakuna aliyelala chini. Na akishaupata habutui. Ananyanyua kichwa, anatembea nao, anavuka mstari wa kati, na ghafla viungo wa timu pinzani hawajui nani amkabe.

Aprili 29, 2006 Chelsea walikuwa wanahitaji pointi moja tu dhidi ya Manchester United ili watwae ubingwa wa pili mfululizo. Walishinda 3-0. Bao la tatu lilikuwa la Carvalho, beki wa kati aliyekimbia kutoka nyuma kwenye shambulizi la kushtukiza na kumalizia mwenyewe. Naomba kijana aitazame ile mbio kuliko lile shuti. Hakuna aliyemkaba kwa sababu hakuna aliyemtegemea.

Pepe alikuwa na mwili mwingine kabisa. Ni mrefu zaidi, mwepesi zaidi, na anaruka kama aliyewekewa springi. Yeye hakuwa na haja ya kutangulia kila mpira. Alimwacha straika apokee, halafu akamvaa: kifua mgongoni, mkono kiunoni, pumzi sikioni, mpaka yule mtu anapoteza hamu ya kugeuka. Na kama straika amegeuka na kutoroka, Pepe alikuwa na kasi ya kurudi kumfuta. Real Madrid walishambulia na watu wengi, Marcelo akiwa juu upande wa kushoto muda mwingi, na nyuma kukabaki uwanja mtupu. Miaka kumi Pepe aliulinda uwanja ule kwa miguu yake. Kocha wao José Mourinho alimwamini kiasi cha kumtoa ulinzi na kumpeleka kiungo mkabaji ili awavuruge Barcelona. Kwenye fainali ya Kombe la Mfalme, Aprili 20, 2011 pale Valencia, Pepe alicheza kiungo, na nyuma yake, beki wa kati akiwa na Sergio Ramos, alikuwepo Carvalho. Real walishinda 1-0 kwa kichwa cha Cristiano Ronaldo katika muda wa nyongeza. Mtu anayetaka kuwaona wote wawili ndani ya mechi moja, kila mmoja akifanya anachokiweza, aanze na hiyo.

Jambo moja kuhusu jozi kabla sijaendelea. Msimu wa 2004-05 Chelsea waliruhusu mabao 15 tu katika mechi 38 za ligi, rekodi ambayo bado haijavunjwa England. Carvalho alicheza pembeni ya John Terry, mtu wa kupanda hewani na kuingiza kichwa mahali ambapo wengine wanaogopa kuweka mguu. Kule Porto alikuwa na nahodha Jorge Costa, naye ni mtu wa aina hiyo hiyo. Carvalho anahitaji mwenzake wa kupambana ili yeye apate nafasi ya kusoma. Kama timu yako ina mabeki wawili wembamba, wote wanaopenda kutangulia, usiwape wote somo la Carvalho. Kona ya kwanza tu itawahukumu.

Kwa upande wa Pepe, kipande ninachokipenda kinatoka fainali ya Mataifa ya Ulaya, Julai 10, 2016, Saint-Denis. Ronaldo ameumia na kutoka dakika ya 25. Ufaransa wako nyumbani, wanashambulia. Pepe anaondoa, anaziba, anaondoa tena, dakika 120 nzima, na mwishoni UEFA wanamchagua kuwa mchezaji bora wa mechi. Lakini dakika za nyongeza za kipindi cha pili, André-Pierre Gignac aliupokea mpira ndani ya boksi, akamgeuza Pepe, akapiga, na mpira ukagonga mwamba. Ungeingia, Ufaransa ndio mabingwa. Dakika ya 109 Éder akafunga, na Ureno wakachukua kombe. Kijana aliyegeuzwa mara moja na kuinamisha kichwa kipindi kizima namwonyesha hicho. Beki bora wa usiku ule aligeuzwa, kisha akaamka akaendelea kukaba.

Udhaifu wa kila mmoja

Hapa ndipo ushauri wangu unapotofautiana na wa makocha wengi. Wengi wanasema: Carvalho ni muungwana, Pepe ni mkorofi, mfuate muungwana. Mimi nimezitazama njia zao kwa miaka na sikubaliani na maneno hayo.

Udhaifu wa Pepe kila mtu anaujua. Ulikuwa kwenye sekunde ile baada ya tukio. Aprili 2009, Real Madrid dhidi ya Getafe pale Bernabéu, matokeo 2-2, mechi inakaribia kuisha. Pepe alimsukuma Javier Casquero ndani ya boksi na kusababisha penalti. Faulo tayari imeshatokea, madhara yameshaingia. Kisha akampiga mateke yule mtu aliyelala chini. Alifungiwa mechi 10. Casquero mwenyewe alipiga ile penalti, akaichopoa taratibu katikati, Iker Casillas akaidaka, na Real wakashinda 3-2. Kwa hiyo kosa la mpira halikuwagharimu kitu. Lililogharimu ni lile la baada ya filimbi.

Miaka miwili baadaye, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona, alionyeshwa nyekundu kwa mguu aliomnyanyulia Dani Alves. Mechi ilikuwa 0-0. Lionel Messi akafunga mawili. Na Juni 2014 pale Salvador, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, Ureno wakiwa nyuma 2-0 dhidi ya Ujerumani, mkono wa Pepe ulimgusa Thomas Müller usoni, Müller akaanguka, na Pepe, badala ya kuondoka, akainama na kumwekea kichwa. Nyekundu, dakika ya 37. Ikaisha 4-0.

Udhaifu wa Carvalho haukuonekana uwanjani, ndiyo maana watu hawauhesabu. Yeye hakuweza kuvumilia kuachwa nje. Mwanzoni mwa msimu wa 2005-06, alipowekwa benchi Chelsea, alilalamika hadharani kwenye vyombo vya habari, na Mourinho, kocha aliyemlea tangu Porto, akamjibu kwa maneno makali mbele ya watu. Hilo lilipita. La mwaka 2011 halikupita. Ureno walikuwa kambini kujiandaa na mechi ya Kupro. Carvalho aligundua kuwa hataanza, kwamba kocha Paulo Bento amewachagua Pepe na Bruno Alves. Akafungasha, akaondoka kambini. Shirikisho likamfungia mwaka mmoja, na Mataifa ya Ulaya ya 2012, ambapo Ureno walifika nusu fainali na kutolewa na Hispania kwa penalti, aliyatazama akiwa nje.

Sasa pima mwenyewe. Teke la Pepe liliigharimu timu mechi 10. Mkoba wa Carvalho ulimgharimu miaka mitatu ya timu ya taifa, hadi Oktoba 2014 kocha Fernando Santos alipomrudisha. Nani mkorofi hapo? Mimi naona watu wawili wenye kiburi kile kile, mmoja akikitolea miguuni, mwingine akikimeza mpaka kinamtoa kambini.

Na wote wawili walijirekebisha, tena kwenye mashindano yale yale. Ufaransa 2016, Carvalho akiwa na miaka 38 alianza mechi tatu za makundi pembeni ya Pepe. Ya tatu ilikuwa 3-3 na Hungary, ulinzi ukavuja, na Santos akamtoa, akamweka José Fonte. Kwenye nusu fainali dhidi ya Wales, Pepe alikuwa majeruhi. Nafasi ikawa wazi. Kocha akamchagua Bruno Alves, mtu yule yule wa 2011. Safari hii Carvalho alibaki. Alikaa benchi, na siku ya mwisho akavaa medali ya ubingwa wa Ulaya, kombe kubwa la kwanza la Ureno. Pepe naye alivuka usiku wa fainali, dakika 120 za kusukumana na kuchokozwa, bila nyekundu.

Vikombe

Hapa sitakaa sana, maana wote wameshiba. Carvalho ana Kombe la UEFA la 2003 na Ligi ya Mabingwa ya 2004 akiwa Porto, ubingwa wa England mara tatu akiwa Chelsea (2005, 2006, 2010), na ligi ya Hispania ya 2012. Aliichezea Ureno mechi 89. Pepe ana Ligi ya Mabingwa tatu (2014, 2016, 2017) na ligi ya Hispania tatu, mbali na mataji ya Porto kabla na baada ya Madrid. Mechi zake za taifa ni 141. Ukichagua kwa kuhesabu makabati utamchagua Pepe, lakini kabati halimfundishi mtu kukaba.

Kudumu

Kwenye hili Pepe hana mpinzani, na namsifu kwa moyo wote. Alirudi Porto Januari 2019 akitokea Beşiktaş, watu wakidhani amekuja kumalizia. Alicheza mpaka 2024. Kombe la Dunia 2022 alifunga kwa kichwa dhidi ya Uswisi akiwa na miaka 39, mfungaji mzee kuliko wote katika hatua ya mtoano. Novemba 2023 alifunga Ligi ya Mabingwa akiwa na miaka 40. Julai 5, 2024, akiwa na miaka 41 na siku 130, alicheza robo fainali ya Ulaya dhidi ya Ufaransa pale Hamburg, 0-0 kwa dakika 120, akikimbizana na Marcus Thuram aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 14. Walitolewa kwa penalti, akalia begani kwa Ronaldo. Mwezi uliofuata akatangaza kustaafu.

Carvalho naye alidumu, tusimpunje: Monaco mpaka 2016, kisha Shanghai. Ila yeye alidumu kwa sababu mchezo wake haukutegemea mbio. Pepe alidumu kwa sababu alijifunza uzeeni kile Carvalho alichokijua ujanani. Mtazame Pepe wa miaka 25 halafu wa miaka 38. Huyu wa pili amesimama hatua mbili nyuma zaidi, anaongea muda wote, anaonyesha kwa mkono nani amkabe nani.

Je, Rúben Dias?

Vijana wengi watauliza, maana huyu ndiye wanayemwona kila wiki. Ni beki wa kati wa Ureno, mchezaji bora wa msimu wa Ligi Kuu ya England 2020-21, na alikuwemo Manchester City walipotwaa mataji matatu 2023. Kwa kupanga ulinzi na kuamuru wenzake, hakuna somo bora zaidi. Ila anacheza ndani ya timu inayoumiliki mpira muda mrefu sana, na kijana wa timu za mitaani, ambako mpira unarudi kwako kila sekunde kumi, atajifunza machache kwa hali yake. Mweke akiba. Mwangalie ukishapata timu inayomiliki mpira.

Nani kwa nani

Kama wewe ni mwembamba, huna kasi ya ajabu, lakini unaona pasi kabla haijapigwa: Carvalho, bila kufikiria mara mbili. Kama una miaka chini ya 17, mwili bado unakua: Carvalho pia, hata kama ni mrefu. Nimeona watoto wengi waliozoea kushinda kwa kifua wakiwa na miaka 14, na walipofika 18 wenzao wakawafikia kimo, wakabaki hawana kitu mkononi. Kusoma mchezo hakukuachi.

Kama una mbio, unaruka, na kocha wako anapenda mabeki wasimame juu karibu na mstari wa kati: Pepe. Jifunze kwake kurudi nyuma kwa mbio huku umemfungia straika njia ya ndani, na usijirushe chini mpaka upo ndani ya hatua moja. Ukijirusha mapema utapata kilichompata Carvalho mwenyewe kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 2006: Thierry Henry alimgeuza ndani ya boksi, Carvalho akaenda chini, mguu ukamgusa, na Zinédine Zidane akafunga penalti iliyoipeleka Ufaransa fainali. Bao moja, mechi nzima.

Na kama hujui miguu yako inafaa kwa nani, chagua kwa udhaifu. Unapenda kulipiza? Mfuate Pepe, mwanzo hadi mwisho, ikiwemo teke la Casquero, uone njia yake ya kutoka pale. Unanuna ukiwekwa benchi? Mfuate Carvalho, na usiache kurasa za 2011 na 2016.

Ninaye kijana mmoja sasa, miaka 16, ana kichwa kizuri na mguu wa kushoto mtamu. Akipigwa chenga, mchezo kwake unageuka kuwa wa kumtafuta yule mtu. Kwa mwili wake ningempa Carvalho. Nimempa Pepe, na nimemwanzishia mechi moja: Juventus dhidi ya Porto, Machi 9, 2021, Turin. Porto wanabaki kumi baada ya Mehdi Taremi kutolewa dakika ya 54, na wanacheza hivyo zaidi ya saa nzima, ukijumlisha muda wa nyongeza. Pepe ana miaka 38. Wanafungwa 3-2 na bado wanasonga mbele kwa sheria ya wakati ule ya mabao ya ugenini. Nimemwambia ahesabu mara ngapi Pepe anasukumwa, na kila mara aandike anachokifanya sekunde inayofuata. Amerudi na karatasi imejaa pande zote mbili.